Alama Tunazovaa na Desturi Tunazozishika: Zipi Zinatujenga?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Shinyanga)

 

 Tumeombwa kuzungumza juu ya alama na desturi ambazo mtu huzitumia katika maisha yake ya kila siku. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: ofisi ya miradi, inayoshughulika na visima, mbuzi na vikundi vya kuweka na kukopa, ina nini cha kusema kuhusu hirizi na misalaba? Jibu letu ni fupi. Katika ukanda huu wetu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, alama zimewahi kuwatia watu moyo, na alama zimewahi kuwaua watu. Mradi unaoingia kijijini bila kujua watu wamevaa nini shingoni, na kwa sababu gani, unaingia umefumba macho.

BINADAMU HAISHI BILA ALAMA

Tuanze kwa kukubaliana jambo la msingi. Alama si dhambi, na desturi si ushenzi. Kila mmoja wetu aliyeketi hapa anazo. Pete ya ndoa ni alama. Mama anayeamka alfajiri na kufagia uwanja kabla ya kuongea na mtu yeyote ana desturi yake, na siku asipofagia huona kama siku haijaanza. Hata majina yetu ni alama. Tukimwita mtu Mabula, tunajua alizaliwa wakati wa mvua. Tukisikia Kulwa na Doto, tunajua ni pacha, na Shija ni yule aliyewafuata. Kila jina linapotamkwa, historia ya nyumba inasimuliwa upya bila kitabu.

Wazee wetu wa Kisukuma na Kinyamwezi walivaa kisahani cheupe cha kombe la baharini, kilichofika huku bara kwa misafara ya pwani. Kilikuwa alama ya heshima na ya kuwakumbuka waliotangulia. Ndugu zetu Wakatoliki pale Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, walilielewa jambo hili mapema. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, aliingiza alama za utemi wa Kisukuma ndani ya kanisa na kuanzisha makumbusho ya Wasukuma, ili mtu anapomwabudu Kristo asijione yuko ugenini.

Sisi Walutheri nasi tuna urithi wetu, ingawa wengi tumeusahau. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther aliwaelekeza watu wa nyumbani mwake kujifanyia ishara ya msalaba asubuhi wanapoamka na jioni wanapolala, kusema Imani na Sala ya Bwana, kisha asubuhi waende kazini kwa furaha. Wapo washarika wanaodhani ishara ya msalaba ni ya Wakatoliki peke yao. Sivyo. Imo katika kitabu tulichofundishiwa Kipaimara.

Luther alikuwa pia na alama yake binafsi, lile waridi tunaloliona kwenye vitabu na mabango yetu. Mwaka 1530 aliandika barua kueleza maana yake: msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, moyo ndani ya waridi jeupe, waridi katika uwanja wa rangi ya mbingu, na pete ya dhahabu kuzunguka vyote. Dhahabu, alisema, kwa kuwa ndiyo madini ya thamani kuliko yote, nayo inafananishwa na furaha ya mbinguni isiyo na mwisho. Sisi tunaoishi juu ya dhahabu tungefaa kulitafakari jambo hilo. Yeye aliiweka dhahabu pembezoni na msalaba katikati. Kwetu mara nyingi imekuwa kinyume.

HOFU YA DUARA

Sasa tuje kwenye machimbo. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Rwamagasa au Mwakitolyo anaishi na mambo mawili ambayo hakuna awezaye kumhakikishia. La kwanza, hajui kama atapata. Anaweza kuchimba miezi sita akala deni tupu, wakati jirani yake katika duara la pili amepiga mwamba wenye dhahabu kwa wiki moja. La pili, hajui kama atatoka. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa huko Nyangalata, wilayani Kahama. Watano kati yao walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwezi Januari 2017 wachimbaji 15 walikwama ardhini Nyarugusu, Geita, nao wakaokolewa wakiwa hai. Hao tunawashukuria Mungu. Wengine wengi hawakurudi.

Mahali penye kutokujua kwingi namna hiyo, mtu hutafuta cha kushika. Ndipo zinapokuja hirizi za mkononi, chale za kifuani, dawa za kufukia kwenye mdomo wa duara, na miiko ya kila aina: nani asikaribie shimo, nini kisisemwe, lini mtu asioge. Tusiwacheke. Hakuna mtu anayefunga hirizi kwa sababu ya upumbavu. Anaifunga kwa sababu ya hofu.

Lakini hofu ni soko, na soko halikosi mfanyabiashara. Mganga wa ramli akishamuuzia mchimbaji dawa ya mizizi, na dhahabu isionekane, hawezi kukiri kuwa dawa haifanyi kazi. Atasema inahitajika dawa yenye nguvu zaidi na ya bei zaidi. Ngazi hiyo, ndugu zetu, tunajua ilifika wapi. Kuanzia mwaka 2007 mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa mipaka ya wakati huo kabla Geita haijawa mkoa mwaka 2012, ilisikika duniani kote kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Viungo vyao viliuzwa kama dawa ya utajiri. Kufikia mwaka 2015 takwimu zilizotajwa na Umoja wa Mataifa zilionyesha kuwa zaidi ya watu 70 walikuwa wameuawa nchini tangu mwaka 2000. Makaburi yalifukuliwa. Wazazi walilazimika kuwapeleka watoto wao mbali na nyumbani, na wengine walipokelewa hapa mjini Shinyanga katika shule ya Buhangija.

Serikali ilichukua hatua. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, alitangaza kufuta leseni za waganga. Mwezi Machi mwaka huo ikaanza kura ya siri ya kuwataja wahusika. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe. Januari 2015 shughuli za waganga wapiga ramli zikapigwa marufuku. Hata hivyo, mwezi uliofuata mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato na kuuawa. Na tusidhani mambo hayo yamekwisha: Mei 2024 mtoto mwingine mdogo alichukuliwa huko Muleba, mkoani Kagera, akakutwa ameuawa.

Marufuku ni ya lazima. Lakini marufuku peke yake haikufuta soko, kwa sababu haikugusa hofu ya mnunuzi.

MWILI WA MTU KUGEUZWA ALAMA

Tafadhali tuone kilichotokea hapo. Mtu aliyezaliwa kwa mfano wa Mungu aligeuzwa alama ya bahati ya mtu mwingine. Ngozi yake ilisomwa kama ramli. Ukweli ni kwamba ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wao wenyewe huweza kuwa na rangi ya kawaida, na tatizo ni ukosefu wa rangi ya kukinga jua katika ngozi, nywele na macho. Hakuna bahati wala laana ndani yake. Adui mkubwa wa mtu huyo, baada ya binadamu mwenzake, ni jua, maana humletea saratani ya ngozi.

Jambo la namna hiyo limewakuta pia bibi zetu. Katika vijiji vya Usukumani macho mekundu ya mama mzee yamesomwa kwa miaka mingi kama alama ya uchawi, na wengi wameuawa kwa mapanga usiku. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa nini? Kwa sababu ya kupika miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi au kinyesi cha ng'ombe, akiwalisha watoto na wajukuu. Alama ya upendo wake kwa familia imesomwa kuwa alama ya uovu. Sheria ya Uchawi imekuwepo nchini tangu mwaka 1928, nayo inakataza kumtuhumu mtu uchawi. Haijatosha. Mara nyingi nyuma ya ramli kuna shamba la mjane linalotamaniwa.

KANISA NALO LIJIPIME

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukawanyooshea kidole waganga. Lakini Biblia haituruhusu. Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa amri ya Mungu, na watu walioumwa wakamtazama wakapona. Ilikuwa alama njema kabisa. Miaka mingi baadaye, tunasoma katika Wafalme wa Pili sura ya 18, watu walikuwa wakiifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande. Alama iliyotoka kwa Mungu inaweza kuwa sanamu, ikiwa watu wataishika yenyewe na kumwacha aliyeitoa.

Tunakumbuka mwaka 2011, nchi nzima na majirani walipokimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, marehemu Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. Hatuko hapa kumhukumu mzee aliyekwisha kulala. Tunasema tu kuwa wapo wagonjwa waliofariki njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za kila siku wakiamini kikombe kimemaliza yote. Tunakumbuka pia Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walipofariki katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Wale hawakuwa wameenda kwa mganga. Walikuwa wameenda kwenye ibada.

Kwa hiyo tatizo haliko kwenye hirizi au chupa ya mafuta. Liko kwenye kile tunachotaka kitu hicho kitufanyie.

MASWALI MATATU YA KUIPIMA ALAMA

Baada ya kuzungumza na sharika mbalimbali, tunapendekeza maswali matatu ambayo mjumbe yeyote anaweza kuyatumia bila kuwa mwanatheolojia.

Swali la kwanza: Je, mtoto anaweza kuuliza maana yake, akajibiwa mchana mbele ya watu? Katika Yoshua sura ya 4, Israeli walisimamisha mawe kumi na mawili baada ya kuvuka Yordani, ili watoto wao watakapouliza maana ya mawe yale wapate kuelezwa. Alama njema imewekwa ili iulizwe. Hirizi hushonwa ili isifunguliwe. Pete, msalaba, jina la Mabula, vyote vinaeleweka vikielezwa. Dawa ya kufukia duarani haielezwi, na ukiona mwenye duara anakataza kuuliza, ujue kuna jambo.

Swali la pili: Nani anailipia? Luther hakumtoza mtu senti kwa ishara ya msalaba. Alama ikianza kuwa na bei, tuwe macho. Ikipanda bei kila inaposhindwa, tukimbie. Na ikiwa gharama yake ni kuku leo, mbuzi kesho, na keshokutwa ni jina la jirani, hapo si suala la imani tena. Ni la kupeleka polisi.

Swali la tatu: Je, inanituma kufanya wajibu wangu au inanipumzisha nisiufanye? Sala ya asubuhi ya Katekisimo inaishia kwa kumtuma mtu kazini. Mchimbaji anayejifanyia ishara ya msalaba kisha akakagua matimba na kamba kabla ya kushuka, anaitumia alama vizuri. Anayejifanyia ishara hiyo hiyo akashuka kwenye duara lenye matimba yaliyooza, ameifanya msalaba kuwa hirizi. Tofauti haionekani shingoni. Inaonekana kwenye matimba.

TUFANYE NINI KATIKA SHARIKA ZETU?

Kwanza, tusikate hirizi za watu kwa nguvu. Mama akileta mtoto kubatizwa akiwa na uzi mweusi kiunoni, tumuulize kwa upole anaogopa nini. Mara nyingi atasema anaogopa degedege. Basi tunajua kuwa shida yake ni homa na malaria, na tunaweza kuhakikisha ana chandarua na anajua kuwahi zahanati. Anayekata uzi bila kuiuliza hofu iliyoufunga, kesho atakuta mwingine umefungwa mahali pasipoonekana. Mama mwenyewe, akishapata tumaini, ataukata kwa mkono wake.

Pili, turudishe desturi za nyumbani. Si kila nyumba ina Biblia ya kila mtu, lakini kila nyumba inaweza kusema Sala ya Bwana asubuhi na jioni. Familia iikumbuke siku ya ubatizo wa kila mtoto, imtaje kwa jina na kumwombea. Mtoto anayejua kuwa jina lake lilitajwa mbele za Mungu hatatishwa kirahisi na mtu anayemwambia nyota yake imeibiwa.

Tatu, sharika zilizo karibu na machimbo ziende huko huko. Mwinjilisti anaweza kuwa na sala fupi na zamu ya asubuhi, na sala hiyo ifuatwe na ukaguzi wa duara, ukifanywa na wachimbaji wenyewe. Viwili hivyo vifanyike pamoja kila siku mpaka viwe desturi moja, kiasi kwamba siku moja kikikosekana wachimbaji wakatae kushuka.

Nne, majiko banifu na madirisha ya jikoni tusiyaone kama mradi wa mazingira tu. Ni ulinzi wa bibi. Kamati ianze na wajane na wazee wanaoishi peke yao, na wajumbe wawatembelee kwa zamu, mchana, watu wakiona. Kutembelewa hadharani ni alama. Kijiji kikiona kuwa bibi fulani ana watu, wenye tamaa ya shamba lake watasita.

Tano, familia yenye mtoto mwenye ualbino isikae pembeni ya kanisa. Mtoto apate kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Yapo yanayotengenezwa hapa nchini, KCMC Moshi, yaitwayo Kilisun. Shuleni aketi mbele, maana haoni mbali. Kila Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa Kuhusu Ualbino inayoadhimishwa tangu mwaka 2015, usharika ufanye ibada maalumu. Lakini ibada hiyo isiishie siku moja: mtoto yule aimbe kwaya, asome somo, abebe sadaka kama wenzake, mpaka watu wazoee kumwita kwa jina lake.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu zetu mnaotuwezesha, tunawashukuru sana. Tunaomba mtuvumilie tukisema kuwa nasi wa miradi tuna alama zetu: fulana zenye maandishi, mabango barabarani, picha ya kukabidhi. Hazina ubaya. Lakini nazo zipimwe kwa maswali yale yale matatu. Fulana ya kupinga mauaji ikivaliwa na mtu ambaye hajui anakoishi mtoto mwenye ualbino katika kitongoji chake, imekuwa hirizi ya mradi. Tunaomba basi msitupime kwa idadi ya fulana. Mtuulize: mwaka huu ni wajane wangapi wametembelewa, majiko mangapi yanawaka bila moshi, watoto wangapi wamerudi kulala nyumbani kwao na wazazi wao. Swali la mwisho hilo ndilo gumu kuliko yote, maana kulijibu kunahitaji kijiji kizima kibadilike, na fedha peke yake haiwezi.

Wapendwa, msalaba wenyewe ulikuwa chombo cha kuulia watu. Warumi waliutumia kuwatisha walio hai. Mungu akaugeuza kuwa alama ya uzima kwa kutoa damu yake mwenyewe badala ya kudai ya mtu mwingine. Hicho ndicho kipimo kikuu kuliko maswali yetu yote. Alama yoyote inayodai damu ya jirani ili mimi nifanikiwe haitoki kwake, hata ikifungwa kwa kitambaa cha kanisa.

Tunaomba kila kamati, ikirudi nyumbani, iyajadili maswali haya katika kikao chake cha kwanza, iandike majina ya wazee na watoto watakaotembelewa, na ituletee taarifa kabla ya robo mwaka ijayo.